Simu Iliyosema Imetumwa

Mvua ya Likasi haina adabu ya kubisha hodi. Asubuhi ile ya Januari ilimwagika juu ya soko kuu kama mtu aliyepindua beseni, na wote waliokuwa njiani wakakimbilia chini ya bati la duka la fotokopi: wauza samaki wa chumvi, wauza vocha, mapasta wawili, na jogoo mmoja ambaye mpaka leo hakuna ajuaye alikuwa wa nani. Katika msukumano huo msichana mmoja alisukumwa mpaka ndani, akaangukia meza ya Zéphirin, kiwiko chake kikatua juu ya kibodi, na kazi ya asubuhi nzima ikafutika.

"Aïe! Pardon, yaya, kaka yangu."

"Pardon gani? Umefuta kazi ya masaa tatu!"

"Masaa tatu? Ulikuwa unaandika nini, Agano la Kale?"

Watu wakacheka. Zéphirin alitaka kukasirika, lakini alipoinua macho hasira ikakosa pa kukaa. Msichana alivaa libaya, blauzi ya manjano yenye ndege wa buluu, kikwembe cha kiunoni kimemganda miguuni kwa maji, viatu mkononi, na kifuani amekumbatia daftari kama mtu anayeficha mkate.

"Kuko nini mu ile daftari?"

"Damu," msichana alijibu.

Jina lake Plamedie, muuguzi katika kituo kimoja cha afya huko Panda. Daftari lilikuwa na majina ya watu waliokubali kuitwa siku yoyote mgonjwa atakapohitaji damu, kila mmoja na grupu yake na namba yake ya simu. Kituo hakikuwa na friji ya kuhifadhia. Damu yao ilitembea barabarani kwa miguu, ndani ya watu. Na sasa wino ulikuwa umeanza kuchirizika.

"Bantu makumi nane! Tazama, O inakuwa A, A inakuwa sijue nini."

"Niachie ile daftari," Zéphirin alisema, akinyoosha kola yake. "Nitakutengenezea programu. Programu tajiri."

"Tajiri? Suruali yako iko na kiraka."

"Kiraka njo mode, mademoiselle."

Ndivyo walivyoanza. Laiti mvua ile ingechelewa hata robo saa, wangeishi mji mmoja bila kujuana, na pengine ingekuwa heri. Lakini mvua ilikuja kwa saa yake.

Kuna watu wenye maoni juu ya mpira, na wengine juu ya mapasta. Zéphirin alikuwa na maoni juu ya vyombo vya kutengenezea programu za mtandao. Mtu akija kupiga fotokopi ya cheti cha ubatizo, aliondoka na hotuba. Kwake, ukurasa wa mtandao haukutakiwa kukaa tu kama karatasi iliyobandikwa ukutani. Ulitakiwa ucheze, ujibu, ufunguke na kufungwa mbele ya macho yako kama programu iliyozaliwa ndani ya mashine. Hizo ndizo alizoziita programu tajiri. Alijifunza peke yake, kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada alichookota sokoni, na kwa vipande vya umeme kati ya kukatika na kukatika.

Kila jioni, saa moja ikigonga, simu ya Plamedie ililia.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Niambieko sasa, mu bile vyombo yako, ile Flash unaliliaka kila shiku ilikuwa nani?"

"Bibi yangu ya kwanza. Muzuri! Alijua kucheza, alijua kuimba. Lakini hakuweza kuingia mu nyumba ya muntu mpaka bamufungulie mulango yake ya pembeni. Shiku moja benye manyumba bote wakasema, hatumutaki tena. Akakufwa."

"Na ulilia?"

"Nililia kweli. Kisha Flex, dada yake, muntu wa bilo, wa ofisi, mwenye heshima, alijua kupanga fomu na meza. Akamufuata dada yake."

"Na ingine ile, Silverlight?"

"Ule alikuya ku harusi amevaa vizuri sana, akaondoka mbele chakula haijaletwa."

Plamedie alicheka mpaka mama yake akauliza ukumbini nani anamtekenya.

"Sasa uko na nani?"

"Angular alinichosha, sheria mingi sawa mu seminari. Sasa ninaikala na React. Lakini ule, ukimualika yeye moja, anakuya na bandugu mia tatu, na kila mwaka anabadilisha namna ya kupika."

"Mabibi tano! Na minye nitakuwa wa sita?"

"Hapana. Bale ni vyombo, chérie."

"Na minye niko nini?"

"Weye njo muntu ninamuandikia," akasema.

Aliyeshirikiana meza moja naye dukani ni Gauthier tu, mrefu, mwembamba, mchache wa maneno. Gauthier alikuwa na maoni mamoja maishani: ukurasa maskini. Fomu, kitufe, jibu, basi.

"Hapa kwetu mtandao ni ya kulegea," alisema. "Ukurasa maskini ukishindwa, unakuambia ku macho: nimeshindwa. Ile yako tajiri inasikia haya kusema."

"Gauthier, weye unaweza kuvaa gunia ku harusi, useme inadumu."

Programu ikatoka mwezi wa tano, na Zéphirin akaiita Damu Yetu. Ilikuwa na rangi, ilikuwa na majina yanayoteleza kwa kidole. Plamedie alichagua grupu, akabonyeza, na simu za watoaji wote wa grupu ile zikalia. Kituo kikaweka sheria: aliyekwisha kuitwa na programu asipigiwe tena kwa sauti, maana watoaji walikuwa wamechoka kusumbuliwa na watu watatu kwa mgonjwa mmoja, na wawili walikwisha kujitoa. Mwezi wa sita waliletwa wachimbaji wawili kutoka upande wa Shinkolobwe, shimo limewaangukia, mmoja mguu umesagika. Watu tisa walifika katika nusu saa. Panda nzima ikasimulia. Hata Mamu Simone, mama yake Plamedie, aliyekuwa akiuliza kama kijana wa fotokopi atamlisha bintiye karatasi, alimtumia Zéphirin sufuria ya matamba, majani ya muhogo. Jamaa za pande mbili zikapanga: Desemba, kijana aje na wazee wake kuomba.

Mwezi wa tisa Plamedie alikuja dukani amenuna, kofia ya uuguzi bado kichwani.

"Zé, ile gurudumu yako inanitia haya."

Alikuwa anasema kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu wakati ujumbe unatafuta mtandao.

"Inazunguka, inazunguka. Mugonjwa ananitazama, docteur ananitazama. Jana mama moja alisema, ata simu yao inashindwa. Toa ile kintu."

"Inazunguka juu mtandao iko mbali, chérie."

"Minye sijue mtandao, ninajua haya. Toa. Juu yangu."

Juu yangu. Mwanamume anayependa akisikia maneno hayo mawili, yaani kwa ajili yangu, hubomoa hata ukuta wa nyumba yake. Zéphirin aliifanya kazi ile kwa alasiri moja. Tangu siku hiyo, Plamedie akibonyeza, papo hapo ilitokea alama ya kijani na neno moja: Imetumwa. Ujumbe wenyewe ulibaki simuni ukingoja mtandao, ukaondoka polepole peke yake, mara nyingi baada ya sekunde chache tu. Katika ufundi wake ni mtindo unaojulikana, tena unasifiwa.

Gauthier alitazama kioo, akakuna kidevu. "Umeandika imetumwa. Na haijatumwa."

"Itatumwa."

"Basi andika inangoja."

"Inangoja ni gurudumu ile ile, umeivalisha koti."

"Acha gurudumu, Zéphirin. Ile ni damu, haiko picha ya harusi."

"Weye hauko na muchumba, njo maana."

Saa moja jioni simu ililia. "Bébé! Inapiga sawa radi! Nikikuona nitakubusu mbele ya pasta." Zéphirin alitabasamu peke yake kama mjinga.

Jumanne moja ya Novemba, Carine, dada mkubwa wa Plamedie, mke wa Théodore, aliingia kituoni kujifungua. Saa nane mchana mtoto alizaliwa, wa kike, mwenye sauti. Lakini damu ya mama ilikataa kusimama.

"Plamedie, O, mbio," daktari alisema.

Alibonyeza. Imetumwa, watu kumi na mmoja. Jina la Zéphirin lilikuwa la tatu. Akairudisha simu mfukoni, mikono yote miwili ikarudi kwa dada yake.

"Banakuya, docteur. Nimekwisha kubaita."

"Plamedie," Carine alisema, "ninasikia baridi."

"Vumiliako, yaya. Bantu kumi na moja banakuya. Ata shemeki yako Zéphirin anakuya na viatu yake ya ncha."

Carine alijaribu kucheka. Dakika arobaini Plamedie alitazama mlango, akageuka, akatazama mlango. Mtandao wa Panda nzima ulikuwa umeanguka tangu saa sita, na kwa kuwa simu za sauti zilipita kama kawaida, hakuna aliyejua. Angepiga moja tu, moja, mtu angefika. Lakini sheria ilisema wasipigiwe mara mbili, na kioo kilisema wameitwa. Wakati huohuo, mwendo wa robo saa kwa pikipiki, Zéphirin alikuwa dukani akimweleza mteja kwa nini fremuweki nzuri, chombo cha kujengea programu, haimfanyi mtu angoje.

Saa tisa kasoro dakika chache, Carine aliacha kusikia baridi.

Saa kumi na moja jioni mtandao ulirudi, na simu kumi na moja zikalia kwa pamoja. Zéphirin aliruka juu ya pikipiki ya kwanza iliyopita, shati nje. Langoni aliwakuta watoaji wengine wanahema. Plamedie alikuwa amekaa kwenye ngazi, damu imemkaukia mpaka viwikoni.

"Umefika," alisema.

"Niko hapa, chérie. Nani mugonjwa?"

"Nilikuita saa nane."

"Simu imelia sasa hivi!"

"Usinidanganye." Akamwonyesha kioo. Imetumwa, saa nane na dakika kumi. "Uliona, ukaacha. Ulikuwa unahubiria bakiliya yako ya fotokopi. Yaya yangu amekufwa akitazama mulango."

Zéphirin aliitazama ile alama ya kijani; yeye hakuhitaji kuelezwa. Alifungua kinywa. "Mtandao…" alisema. Plamedie aliinuka, akaingia ndani.

Kilio kikawekwa kwa Mamu Simone, turubai, viti vya kukodi, wanawake wamelala chini. Na mahali pa kilio, unapajua, ulimi haulali. Siku ya kwanza walimsema Zéphirin. Siku ya pili watoaji wengine kumi walikuja kutoa pole, kila mmoja akaapa simu yake ililia saa kumi na moja, si saa nane. Basi maneno yakageuka kama upepo.

"Kumbe musichana mwenyewe njo alichelewa," shangazi wa Théodore alisema.

"Na ile saa nane mu simu yake?"

"Muchumba yake si fundi wa bile bintu? Anaweza kuandika saa anataka."

"Alikuwa anazungumuza na ule kijana, yaya yake anamwagika damu."

Plamedie alisikia yote. Alikaa pembeni, kikwembe cheusi mpaka kidevuni, na mwishowe akaanza kujiuliza mwenyewe kama kweli alibonyeza.

Dukani, Zéphirin na Gauthier walikaa mbele ya kompyuta. Mstari mmoja tu kwenye seva: ulibonyezwa saa nane na kumi, ulipokelewa saa kumi na moja na dakika mbili.

"Mu Likasi bantu babili tu banaweza kusoma hii mustari," Gauthier alisema. "Moja njo minye. Na minye hakuna muntu ananiuliza."

"Ni mtandao, Gauthier. Mtandao ilianguka."

"Ilianguka, eyo. Lakini mtandao haikusema uongo. Njo weye ulisema."

Zéphirin alifunika uso. Akinyamaza, watu wangechoka, Plamedie angemwamini siku moja, Desemba ingesogezwa mbele tu. Akisema, hakuna ukoo duniani utakaopokea mahari kwa mkono ule. Alipima hayo usiku na mchana, na kila alipopima alimwona msichana yule pembeni, kikwembe kidevuni.

Siku ya mazishi, asubuhi, jeneza lilikuwa katikati ya lupango, ua wa nyumba ya Mamu Simone. Kwetu maiti haondoki kabla ukoo haujasimama kusema ameugua nini na amekufaje. Mjomba wao, Manseba Léon, mzee mwenye koti pana la mgodini la zamani za baba yake, alieleza tangu mimba mpaka saa nane. Hapo shangazi wa Théodore akasimama.

"Mumeeleza vizuri, baba. Lakini hamukusema nani alichelewa kuita. Siye tunasema, ule muntu asishike udongo ya kaburi."

Wanawake wakaguna. Plamedie hakuinua kichwa. Kumnyima mtu udongo wa ndugu yake ni kumwita muuaji bila kulitaja neno.

"Ninaomba neno," sauti ilisema nyuma.

Zéphirin alipita kati ya viti. Alivaa suti ya kijivu aliyoshonesha kwa ajili ya Desemba.

"Plamedie aliita saa nane na dakika kumi. Simu yake ilisema imetumwa. Haikutumwa. Ilibaki mu simu mpaka saa kumi na moja, juu mtandao ya Panda ilianguka. Angejua, angepiga, na tungekuya mbio. Hakujua, juu simu ilimuambia bantu banaitwa. Na minye njo niliifundisha ile simu kusema vile."

"Ulijua inaweza kusema uongo?" Manseba Léon aliuliza.

"Nilijua, baba. Muntu alinikanya."

"Juu ya nini ulifanya?"

Plamedie aliinua kichwa. Macho yao yakakutana juu ya jeneza. Jibu walilijua wawili tu, na lilikuwa na maneno mawili.

"Juu ya kiburi, baba," Zéphirin alisema. "Nilitaka basifu kazi yangu."

Ndugu wawili wa Théodore walimkamata kwa kola. Mmoja alimpiga, naye hakuinua mkono. Mamu Simone ndiye aliyewatenganisha. Hakupiga kelele.

"Mutoto ya bantu," alisema, "toka mu lupango yangu, mbele kinywa yangu haijafunguka kukulaani."

Alitoka. Mazishi hakuyaona. Gauthier ndiye aliyemletea habari kwamba Plamedie alitupa udongo wa kwanza.

Wiki saba simu haikulia saa moja jioni. Kisha, asubuhi moja ya Januari, ikalia saa mbili.

"Kuya ku parking ya magari ya Mulungwishi," Plamedie alisema. "Usilete kintu."

Alimkuta amesimama kando ya gari, amekonda, nywele amezikata kwa ajili ya kilio, kitambaa cheusi kichwani, kifurushi miguuni na mtoto kifuani. Alikuwa amepata kazi kwenye zahanati huko, na nyumba ya chumba kimoja. Théodore alikuwa amekubali ukoo wa mkewe umlee mtoto.

"Haukusema kama minye njo nilikuomba," alianza, bila salamu.

"Uliomba nitoe gurudumu. Haukuomba niweke uongo. Ile ilikuwa yangu."

"Nilikuwa ninangoja useme. Pale, mbele ya bantu. Nilisema mu roho, akisema, nimekwisha. Na haukusema."

"Sikuweza."

"Ninajua. Njo inanifanya nisilale." Alimbembeleza mtoto kidogo. "Ile programu iko wapi?"

"Nilifuta. Gauthier amebatengenezea ukurasa yake. Maskini, mubaya kutazama. Inatumika vizuri."

Wakatazama barabara. Mwanamke aliyeuza mandazi aliwatangazia mandazi, wakatikisa vichwa kwa pamoja.

"Plamedie, nikuoe. Kama haiko sasa, nitangoja. Ata miaka kumi."

"Usiningoje."

"Juu ya mama?"

"Mama atazeeka, atachoka kukasirika. Ni minye. Kila asubuhi nitakuamusha, nitaona unalipa. Utanichotea maji, unalipa. Utamubeba huyu, unalipa. Zé, minye sikutaka muntu wa kunilipa. Nilitaka bwana."

"Unanipenda ingali?"

"Eyo," alisema, kama mgonjwa anayekiri mahali panapomuuma. "Njo ubaya yenyewe. Mushike, nifungeko kikwembe."

Akampa mtoto. Zéphirin alimpokea kwa mikono miwili, akashangaa uzito wake, akashangaa joto lake. Mtoto alifungua jicho moja, akamtazama, akalifumba.

"Jina yake?"

"Carine. Kungekuwa jina ingine?"

Alikifunga kikwembe polepole, akakifungua, akakifunga tena. Dereva alikuja akipiga mlango kwa kiganja.

"Haya, Mulungwishi, tunaenda! Vieux, weye na bibi na mutoto, nafasi iko nyuma. Pandeni bote."

Plamedie aligeuza uso. Basi Zéphirin alimrudishia mtoto, akamshika kiwiko akimpandisha, akaweka kifurushi juu ya magoti yake.

"Ni yeye tu," alimwambia dereva. "Yeye na mutoto."

Mlango haukushika mara ya kwanza. Dereva akamwambia asukume kwa nguvu, naye akasukuma.